Kambare Alivyoacha Magamba Yake Nyasini

Msimtazame kambare akiwa kwenye sinia mkadhani aliumbwa hivi, mweusi, mtelezi, ngozi tupu. Hapana. Zamani kambare alikuwa na magamba, tena makubwa kuliko ya sato na yenye kung'aa kuliko ya ningu. Akipita karibu na uso wa maji jua likiwa juu, wavuvi walikinga macho kwa mikono. Magamba hayo hakuyavua kwa hiari yake. Aliyapoteza kwa roho mbaya ya mtu mmoja, na ndiyo maana habari hii haijawahi kusimuliwa kwetu kwa sauti ya upole.

Huko kaskazini kuna maziwa matatu yaliyofuatana, na kijito kimoja kinayaunganisha. La chini ni Rugoye, pana, lenye kina. La kati ni Katunda. La juu kabisa ni Ihembe, dogo, maji yake ni ya magotini na nyasi zimejaa kila mahali. Kiangazi samaki wote walikaa Rugoye kwenye kina. Masika yakianza na maji ya vilimani yakishuka, samaki waliyasikia, wakapanda kijito, wakapita Katunda hadi Ihembe kutaga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Watoto wao walikulia humo humo, kisha maji yalipopungua wakateremka tena Rugoye. Watu nao walivua kwa kufuata mwendo huo. Wa Rugoye walivua kiangazi, wa Katunda walivua samaki wakiwa safarini, wa Ihembe walingoja mayai yatagwe kwanza. Kila nyumba ilipata kitoweo, na hakuna aliyemzibia mwenzake.

Kokugonza alizaliwa Rugoye akaolewa Ihembe. Kaka yake ndiye aliyekuwa mkuu wa Rugoye, na alipofariki, cheo kikamwangukia mwanawe aliyeitwa Rutinwa. Huyu Rutinwa alipokuwa mchanga mama yake aliugua, na Kokugonza, shangazi yake, ndiye aliyembeba mgongoni na kumlisha mpaka akajua kutembea.

Mwaka mmoja masika yalikuja vizuri, kijito kikajaa, nyasi za Ihembe zikazama. Samaki hawakuja. Wanawake walisimama majini na vikapu vyao kutwa nzima, wakarudi navyo vitupu. Kesho yake ikawa vile vile. Watoto wakala mboga za majani mpaka wakazichukia. Wengine walisema samaki wamesahau njia, wengine wakasema wamekufa.

“Samaki hawasahau njia,” Kokugonza akawaambia wenzake. “Kuna mtu.”

Akajifunga kanga kiunoni, akateremka kando ya kijito, na wanawake wa Ihembe wakamfuata. Walipokaribia Rugoye walisikia harufu kabla hawajaona kitu. Kisha wakauona uzio. Ulikuwa wa fito nene zilizokitwa udongoni, zikasukwa kwa matete na kuzibwa kwa miiba, toka ukingo huu mpaka ukingo ule, bila hata tundu la kupita kidole. Nyuma yake samaki walikuwa wamesongamana mpaka maji hayaonekani. Watu wa Rutinwa waliwachota kwa vikapu na kuwamwaga ukingoni. Wachache walikuwa wamebanikwa. Wengi walikuwa wameoza, nzi wamewajaa, na matumbo yaliyopasuka yalimwaga mayai chini.

Rutinwa alikuwa amesimama hapo na mkuki wake, na vijana wake wenye mikuki nyuma yake.

“Shikamoo, shangazi.”

Kokugonza hakuitikia. Watu waliokuwapo waliacha kazi, maana shangazi kutoitikia salamu si jambo dogo.

“Rutinwa, hiki ni nini?”

“Uzio, shangazi.”

“Macho ninayo. Nauliza umefanya nini.”

“Samaki hawa wanalala kwangu, wanakula kwangu,” Rutinwa alisema. “Kwa nini wakazalie kwenu? Wakizalia hapa watabaki hapa.”

“Hapa ni kina kitupu. Watataga wapi, mgongoni mwako?”

Wanawake wakaguna. Rutinwa akacheka, akawaita watumishi wake. “Mpeni shangazi yangu kitoweo, asije akasema nimemrudisha mikono mitupu.”

Wakaleta kikapu. Kokugonza akachungulia ndani. Vilikuwa vichwa vya samaki, vichwa vitupu, na vingine vilikuwa vimeanza kunuka.

“Nilikutafunia chakula ulipokuwa huna meno,” alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Nilikunyima cha kwangu lini? Leo mimi ndiye wa kupewa vichwa?”

Akakiweka kikapu miguuni pa Rutinwa.

“Sikuja kuomba. Fungua njia. Kijito hukukichimba wewe, wala baba yako.”

Sasa Rutinwa naye akakasirika, kwa kuwa watu wake walikuwa wanasikiliza. “Uzio haung'olewi! Na atakayebeba samaki hata mmoja kuuvuka ni mwizi, nitamfanya kama mwizi, awe shangazi asiwe shangazi. Samaki wenyewe wakijipeleka kwenu kwa miguu yao, hapo sina neno.”

Wenye mikuki wakacheka sana. Kokugonza aliwangoja wamalize kucheka.

“Mmesikia alivyosema,” akawaambia. “Msije mkasema hamkusikia.”

Akawageukia wanawake wa Ihembe. Walikuwa na miundu yao. Wakaanza kukata matete ya ukingoni, kutoka nyuma ya uzio, wakazunguka mwisho wake, mpaka kwenye maji yaliyo huru upande wa juu. Wakatandika nyasi mbichi juu ya njia hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, nao wakaongezea maji kwa mitungi mpaka nyasi zikalowa chapachapa. Hakuna aliyegusa uzio. Hakuna aliyegusa samaki. Watu wa Rutinwa walisimama wakitazama, na kicheko kikaanza kuwakauka.

Kokugonza akachuchumaa majini palipoanzia njia.

“Njooni,” aliwaambia samaki. “Siwezi kuwabeba, wameninyima hata hilo. Lakini njia hii hapa.”

Sato alijaribu kwanza. Alisukuma kifua chake nje ya maji, akalala ubavu, akashindwa kuinuka, akajigaragaza mpaka akaanguka alikotoka. Ningu aliruka kwa nguvu, akatua katikati ya nyasi, akatweta, naye akarudi. Wenye mikuki wakaanza kucheka tena.

Ndipo akaja kambare. Alikuwa jike, tumbo limemjaa mayai, magamba yanang'aa hata chini ya mawingu yale. Akatoa kwanza sharubu zake, akazipapasa nyasi. Kisha akakita mapezi ardhini, akajivuta. Visiki vya matete vilivyokatwa vilikuwa vikali kama wembe, na kila alipojivuta vilimchuna. Gamba moja likabaki nyasini, kisha jingine. Katikati ya njia pumzi ilimwishia. Akapanua kinywa, akameza hewa, jambo ambalo samaki hakuwahi kulifanya, akaendelea.

Kokugonza alitembea kando yake akimmwagia maji kidogo kidogo. Aliiona damu. Alitaka kumnyanyua, hatua chache tu, lakini mkuki wa mtoto aliyemlea ulikuwa umeelekezwa kwake. Hakumnyanyua. Alilia, lakini si kwa huruma peke yake. Alilia kwa hasira, machozi yakachanganyika na mvua, wala hakuyafuta.

Kambare akafika mwisho wa nyasi, akatumbukia kwenye maji huru. Hakuwa na gamba hata moja. Alikuwa mweusi, utelezi umemfunika mahali penye majeraha. Nyuma yake makambare wengine walikuwa tayari wametoka majini, wanajivuta mmoja mmoja, na njia yote ikang'aa kwa magamba yao. Wanawake wa Ihembe hawakupiga vigelegele. Mvuvi mmoja mtu mzima wa Rugoye alitua kikapu chake chini, akaenda zake nyumbani, na Rutinwa alipomwita hakugeuka.

Makambare walitaga Ihembe, na watu wa huko wakala. Sato na ningu waliozea kwenye uzio pamoja na mayai yao. Maji yalipopungua, watoto walioteremka Rugoye walikuwa wa kambare peke yao, waliojivuta nyasini kuuzunguka uzio kama mama zao, nao walikuwa wadogo mno kwa nyavu. Kiangazi kilipofika, watu wa Rugoye walitupa nyavu kwenye ziwa lao kubwa wakavuta majani. Sasa wao nao wakajua ladha ya mboga bila kitoweo. Wakaenda kwa Rutinwa wakamwambia ang'oe uzio. Akakataa. Akasema ni wake, na mikono yake ndiyo iliyoukita.

Basi wakapanda Ihembe kumwita shangazi yake.

Kokugonza alikuja. Alimpita Rutinwa bila salamu, akaingia majini mpaka katikati ya kijito, akashika ufito wa katikati, akautikisa, akaung'oa. Akaung'oa na wa pili yake. Maji yakapasua pale kwa kishindo.

“Shangazi, nisamehe,” Rutinwa alisema.

“Usiniombe mimi. Waombe waliooza hapa.”

Kisha akawaambia watu wa Rugoye, “Uacheni uzio pande hizi mbili, mvue, na nyinyi mna watoto. Hapa katikati msizibe kamwe.”

Ningu na sato wachache waliokuwa wamejificha kilindini walipita hapo masika yaliyofuata, na uzao wao ukarudi polepole, lakini wao magamba yao hayakuguswa. Kambare hakurudishiwa yake. Tangu mwaka ule yuko uchi kama mnavyomwona, na akitolewa majini hafi upesi, hupanua kinywa akameza hewa. Mvua kubwa ikinyesha mtamkuta akijivuta kwenye nyasi kando ya kijito, ingawa maji yako wazi mbele yake. Amekataa kutuamini.

Na watu wa maziwa yale, tangu siku ile, wakijenga uzio wa kuvulia huacha pengo katikati, nalo huitwa mlango wa shangazi. Wapo wanaojifanya wamesahau kuliacha. Hapo mwanamke yeyote wa Ihembe mwenye mtoto wa kaka yake huko chini huteremka mchana kweupe, watu wakiona, akang'oa fito kwa mikono yake, na hakuna mwanamume wa Rugoye anayethubutu kumuuliza kitu.