Pimbi na Ukurasa wa Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Sikusikia. Nyie mnaotafuna huko nyuma, paukwa!

Pakawaaa!

Palikuwa na kitabu.

Cha nani?

Cha kila mtu, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Haya, kaeni vizuri, mwenye kukohoa akohoe sasa hivi amalize.

Zamani hizo, kule Majabali ya Nyamoto, wanyama walikuwa na kitabu kimoja tu. Kimoja, nasema. Nani alikileta, hajulikani. Wengine walisema kilidondoka kwenye mizigo ya wasafiri, wengine walisema Kunguru alikiiba, na Kunguru mwenyewe hakukanusha. Kilikuwa kitabu chembamba, jalada la bluu limepauka, na kilinukia moshi, samli na mafuta ya taa, maana kila nyumba iliyokisoma iliachia harufu yake humo.

Kilisomwa kwa zamu. Ukimaliza, unampelekea anayekufuata. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuruka kurasa. Soma, sinzia, amka, endelea ulipoachia. Lakini kuchungulia mwisho kabla hujaufikia, hiyo ilikuwa aibu kuliko wizi. Digidigi alichungulia mara moja tu, wakamnyima zamu misimu mitatu ya mvua, na kilio chake kilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Sasa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Ni kama sungura aliyepunguzwa masikio, mkia hana, na kazi anayoipenda ni kuota jua juu ya jabali. Mama yake alikuwa vilevile. Asubuhi jua likitoka, mama anakaa jabalini, Pimbi ubavuni, kitabu mkononi. Maharage yako jikoni. Mama anasoma. Maharage yanatokota, bwata bwata bwata. Mama anasoma. Maji yanakauka, chwaaa. Mama anasoma.

“Mama, kuna harufu.”

“Nimalizie mstari huu, mwanangu.”

Mama anasoma. Kisha, “Yalaa! Maharage!” Na mbio jikoni, kumbe yameshakuwa makaa. Katika nyumba ile maharage yote yalikuwa na ladha ya moshi. Pimbi alipokua, akipikiwa maharage yasiyoungua aliona hayajaiva.

Hadithi ya kitabuni ilikuwa ya dada mmoja, Zaituni. Kaka yake aliondoka nyumbani kwa hasira, akaapa harudi. Kila siku Zaituni alimwekea sahani yake mkekani. Mwaka ukapita, akaweka. Miaka saba ikapita, akaweka. Siku moja mlango ukagongwa, ngo! ngo! ngo! Zaituni akauliza, “Nani?”

Na pale pale, kabla mama hajafunua ukurasa, Mzee Kobe akatokea kudai zamu yake. Alikuwa ameanza safari wiki iliyopita. Nani angeweza kumwambia arudi kesho?

“Ni kaka yake huyo,” mama alisema, kitabu kilipoondoka.

“Ni jirani,” Pimbi alisema. “Amekuja kuazima kinu.”

“Kaka yake!”

“Kinu!”

“Haya, tutaona zamu yetu ikirudi.”

Wakabishana masika, wakabishana kiangazi. Walibishana wakichota maji, walibishana wakipeta mtama, na ilikuwa raha kuliko kuujua ukweli wenyewe. Lakini Kobe na kusoma mnajua wenyewe. Alikaa na kitabu miaka miwili, na mama yake Pimbi akafariki kabla hakijarudi. Pimbi akawa anaota jua peke yake. Upande mmoja wa mwili ulipata joto, upande mwingine, ule aliokaa mama, haukupata. Alimkumbuka sana, na alitaka kujua nani alikuwa mlangoni. Kitu kimoja hicho tu.

Zamu ikafika. Pimbi akaanza ukurasa wa kwanza, kama sheria inavyotaka. Akisonga ugali, anasoma. Akifagia, anasoma. Kwenye foleni ya kisimani anasoma, wenzake wanamsukuma, “Bi Pimbi, sogea basi!” Siku moja zamu yake ya kuchota ilipofika, akaweka kitabu juu ya jiwe, akainama ajaze mtungi. Kuinuka, kitabu hakipo. Kipo mkononi mwa Fisi.

Fisi alikuwa na nguvu, alikuwa na tamaa, na alikuwa muuza karanga. Lete mfupa, chukua karanga. Alizifunga kwenye majani ya mgomba, nazo zikawa zinanyong'onyea kwa unyevu, wateja wananung'unika. Fisi alikuwa akitafuta karatasi muda mrefu.

“Mzee Fisi, hicho kitabu ni zamu yangu!”

“Zamu? Mimi sijui zamu. Mimi najua karanga.”

“Kinasomwa hicho, mzee wangu!”

“Na karanga zinaliwa. Kipi kinashibisha?”

Akakishika kichwa chini miguu juu, maana kusoma hakujua, akachana karatasi moja ya nyuma, chwaraaa! Akaikunja, akamimina karanga, akampa Kanga, mteja wake wa kwanza siku hiyo. “Mnaona? Kavu kabisa! Kesho gulio. Kesho nitakichana chote.” Akaenda zake akicheka, huuu-hi-hi-hi!

Pimbi hakulia. Alitaka kulia, lakini aliona machozi yatamchelewesha. Akamfuata Kanga mpaka kwenye kiota.

“Shoga, ile karatasi ya karanga iko wapi?”

“Nimeitandika chini ya mayai.”

“Nipe, tafadhali. Nitakuletea nyasi laini mzigo mzima.”

“Chukua, lakini ina mafuta.”

“Nitaisoma na mafuta yake.”

Akaipokea huku amefumba macho. Ndiyo, amefumba! Ilikuwa karatasi ya mwisho kabisa, jibu lote la ubishi wake na mama limo humo, na yeye alikuwa hajafika hata nusu ya kitabu. Akaikunja bila kuitazama, akaiweka juu ya jabali, akaikalia. Jioni nzima mkono ulikuwa unateremka wenyewe kuivuta, naye anaupiga, “Acha!” Mkono unateremka, “Acha, nimesema!” Alikuwa binti wa mama yake.

Kulipopambazuka siku ya gulio, Pimbi akaiwekea ile karatasi jiwe juu, akaenda kwa Fisi. Fisi alikuwa amewasha moto, kikaango kikubwa kiko juu, mchanga umeshapata moto, gunia la karanga liko pembeni.

“Shikamoo, Mzee Fisi.”

“Marahaba. Kitabu sikupi.”

“Sijaja kukiomba. Nimekuja kukusomea unapokaanga, kazi isikuchoshe.”

“Kwa mifupa mingapi?”

“Bure.”

“Bure?”

“Bure kabisa. Wateja wakija, chana utakavyo.”

Fisi hajawahi hata siku moja kukataa cha bure. Akampa kitabu.

Sasa sikilizeni. Karanga za mchangani zinataka mkono usiosimama. Geuza, geuza, geuza. Ukisimama kidogo tu, umekwisha. Pimbi alilijua hilo. Nani alijua habari za vitu kuungua kumshinda yeye?

Akaanza. Pimbi anasoma, Fisi anageuza, kwara kwara kwara. Pimbi anasoma, Fisi anageuza, kwara... kwara... Pimbi akafika pale kaka anapofunga mzigo wake na Zaituni anasimama mlangoni. Mwiko ukasimama.

“Hakugeuka nyuma?” Fisi akauliza.

“Hakugeuka.”

“Hata mara moja?”

“Hata mara moja.”

“Mshenzi huyo! Endelea!”

Moshi, fuuu! Kikaango cha kwanza kimeungua. Fisi akakimwaga kichakani, akaweka karanga nyingine.

Pimbi anasoma, Fisi anageuza, kwara kwara. Zaituni anaweka sahani. Watu wanamcheka, “Unamlisha nani, upepo?” Zaituni anaweka sahani.

“Wanamcheka kwa nini?” Fisi akafoka. “Wamekosa kazi? Nitajie majina yao!”

“Wamo kitabuni tu, mzee.”

“Hata kama! Endelea!”

Moshi, fuuu! Kikaango cha pili. Wateja walifika na mifupa yao, wakaunusa moshi, wakapita moja kwa moja. Hakuna mteja, hakuna cha kufungwa. Hakuna cha kufungwa, hakuna cha kuchanwa. Pimbi anasoma.

Cha tatu Fisi hata hakukitazama. Alikuwa amekaa chini, kidevu juu ya magoti, mwiko umelala mchangani. Miaka saba ya Zaituni ilipofika machozi yakamchuruzika, akasema ni moshi. Pimbi akamtazama, akamwonea huruma kidogo. Kidogo tu, msinielewe vibaya.

“Siku moja,” Pimbi akasoma, “mlango ukagongwa. Ngo! ngo! ngo! Zaituni akauliza, ‘Nani?’”

Kisha akakifunga kitabu.

“Soma,” Fisi akasema.

“Basi.”

“Basi nini?”

“Hapa ndipo ulipochana, mzee wangu.”

Fisi akakinyakua kitabu, akakigeuza huku, akakigeuza kule, akakitikisa kama mfuko. Hakikudondoka kitu.

“Nani alikuwa mlangoni?”

“Ilikuwa kwenye ile karatasi ya jana, uliyofungia karanga.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia kinasomwa. Ukasema karanga zinashibisha.”

Fisi akajishika kichwa. “Iko wapi sasa? Karatasi ya karanga inaenda wapi?”

“Wewe ndiye muuza karanga, Mzee Fisi. Mtu akimaliza kula, karatasi huwa anaipeleka wapi?”

“Jalalani!” Fisi akaruka juu. “Nishikie kitabu, wewe! Usiende popote!”

Akatoka mbio, vumbi, tifu tifu tifu, kikaango kimeachwa, gunia tupu limeachwa. Pimbi akakishika kitabu kama alivyoambiwa. Mimi sijasikia mahali aliposema uongo. Nyie mmesikia?

Akarudi jabalini, akaliondoa jiwe juu ya ile karatasi, akaikunjua. Sasa alikuwa ameufikia mwisho kwa haki. Akasoma kwa sauti.

“‘Ni mimi,’ ikajibu sauti ya mwanamke, ‘jirani yako. Naomba kuazima kinu.’”

Pimbi akarukaruka. “Kinu! Mama, nilisema mimi! Kinu!”

Kisha akageuza upande wa pili. Jirani alijitwika kinu, akafika kizingitini, akasema, “Halafu, Zaituni, kuna mtu amekaa nje hapa tangu asubuhi. Namuuliza kwa nini hagongi, anasema anaogopa.” Na Zaituni hakuuliza ni nani. Aliichukua sahani mkekani, akatoka nayo nje.

Pimbi akakaa chini. Wote wawili walikuwa wamepatia, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Alifurahi na akaumia kwa pamoja. Alitamani mama awepo aseme, “Unaona? Kaka yake!” ili naye ajibu, “Lakini kinu kilitangulia!” na wabishane mpaka masika nyingine. Jua lilikuwa zuri. Akakaa nalo muda mrefu, kisha akaibandika karatasi kwa uji mzito, akampelekea kitabu Nungunungu, ambaye zamu ilikuwa yake.

Na Fisi? Fisi hajaacha. Mpaka leo mkimwona jalalani anapekua, anafukua, ananusa, msidhani ana njaa. Anatafuta nani alikuwa mlangoni. Na mkisikia kile kicheko chake, amepata karatasi, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akakumbuka kwamba hajui kusoma.

Basi wanangu, funzo la hadithi hii ni kwamba vitabu havina faida hata kidogo. Vinaunguza maharage, vinaharibu biashara ya watu, vinamliza mtu mzima mchana kweupe. Msisome. Nikimkuta mtoto yeyote hapa ameshika kitabu nitamnyang'anya hapo hapo, na hatakipata mpaka nimalize kukisoma.

Hadithi yangu nimeitua chini. Anayeitaka aibebe, na jikoni kuna kitu kinanukia, nani aliachiwa chungu?