Sinia la Mama na Nyota za Pembetatu

Bi Sikudhani alikuwa bado anachambua mchele Mwalimu Mhina alipopiga hodi uani, fomu mkononi.

"Mama, kazi ya wanao imeshinda. Lakini nafasi ya kwenda kwenye darubini kubwa ni moja tu. Naondoka na jina leo hii."

"Moja, na wao watatu?"

"Moja."

"Basi subiri wali uive."

Wanawe aliwajua. Mwajabu hutofautisha rangi za nyuzi mbili ambazo fundi cherehani mwenyewe anaziona sawa. Hemedi hachoki kuhesabu. Kibibi, kitinda mimba, haamini kitu mpaka akihakikishe.

Kwa shindano la shule, walipewa picha ya galaksi jirani, kundi kubwa la nyota liitwalo Pembetatu, na swali: zile nyota kubwa kupindukia, nyekundu na za buluu, zimechanganyika sawasawa kila mahali?

Mwajabu ndiye aliyezitenga kwa rangi, nukta kwa nukta, wiki nzima, machozi yakimtoka.

Hemedi alibeba bakuli, sahani na sinia la mama, akavizungushia kalamu kuchora duara ndani ya duara juu ya picha, akahesabu kila duara. Katikati, za buluu zilizizidi sana nyekundu. Kadiri alivyotoka nje, nyekundu zilikaribia kuzifikia.

Kibibi akaiangalia pembe tupu ya picha, nje kabisa ya galaksi. "Mbona nyekundu zipo hata hapa? Hizi ni za galaksi yetu, zimesimama njiani tu kati yetu na Pembetatu!" Wakakadiria ngapi kama hizo zimo katika kila duara, wakaziondoa, wakahesabu upya. Tofauti ilibaki, lakini ndogo kuliko walivyodhani. Shule nyingine zote ziliteleza hapohapo.

Sasa wote watatu walikuwa wamejipanga mlangoni.

"Bila macho yangu mngehesabu nini?"

"Na bila mimi ungebaki na madoadoa yako, dada."

"Mlikuwa mnapeleka uongo, nyie!"

"Nileteeni sinia langu," alisema mama. "Na mlisugue. Lina wino wenu."

Sinia likaja. Akapakua wali, akamwaga mchuzi wa kunde, akahesabu vichwa: Mwajabu, Hemedi, Kibibi, mwalimu, na yeye mwenyewe. Wote wapo. Kesho kutwa mmoja atakosekana, na wawili watamtazama yeye usoni.

"Nawa, mwalimu."

Fomu ilikuwa kando ya sinia, kalamu juu yake. Mama aliifuta mikono kwa kanga, akaishika kalamu.

Haya, nyie mliokaa hapa mnasikiliza, wali usije ukapoa: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?