Mboja na Kasri Lisilo na Paa

Karibuni Kivumbuni. Najua mnachokitafuta, maana kila anayeshuka hapa anakitafuta hicho hicho: dirisha la binti mfalme. Mmesimuliwa tangu mkiwa wadogo kwamba alifungiwa ghorofani, akalia mwaka mzima, akaja mwana wa mfalme juu ya farasi mweupe akamkomboa. Farasi gani, wanangu, kisiwa hiki chenye punda wawili? Dirisha ni lile pale, lakini aliyefungiwa hakuwa binti mfalme, na wala hakulia. Mimi ni wa damu yake, na hunikera sana watu wakimliza.

Zamani hizo kasri hili lilikuwa na paa, na kuta zake zilikuwa nyeupe mpaka zinaumiza macho. Aliyekaa humo alikuwa Mwinyi Ngwali. Kisima cha maji matamu kilikuwa kimoja tu kisiwani, naye akakizungushia ukuta, kikawa uani kwake. Kuteka ruhusa, ila ukifika langoni vua viatu, vitie kwapani, inamisha kichwa. Na ua ule aliumwagia vipande vya matumbawe, makali, ili mtu akikanyaga ajue yuko kwa nani.

Sasa, weupe wa kuta haukuja wenyewe. Matumbawe huchomwa tanurini yakawa chokaa, na chokaa hupigwa ukutani na juu ya dari kila mwaka kabla ya masika. Ukiruka mwaka mmoja, mvua inaingia ndani. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Mize na jamaa zake. Siku moja akiizima chokaa kwa maji, ilimchemkia ikamla nyayo zote mbili. Bintiye, Mboja, akamchongea mitalawanda, vile viatu vya mti, akamshika mkono wakaenda kisimani.

Langoni askari akasema, "Vua." Bi Mize, masikini, akainama kuvua. Mboja akamzuia. "Mama, usivue. Miguu hii imeungua kwa kuijenga nyumba hii hii."

Mwinyi aliposikia, hasira zikampanda. Akaamuru Mboja afungiwe ghorofa ya juu mpaka mama yake avuke ua pekupeku, aje aombe radhi. Bi Mize alikuwa tayari. Mama ni mama. Alishavua kiatu kimoja, Mboja akachungulia dirishani akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia: "Mama, ukivuka pekupeku mimi sishuki! Wallahi nitazeekea humu!" Bi Mize akakivaa tena, akarudi nyumbani analia, kwa uchungu na kwa fahari pia.

Siku ile ile wachoma chokaa wakazima matanuri yote, na kisimani hawakukanyaga tena. Mwinyi akacheka, akasema kiu itawatia adabu. Wakanywa maji ya chumvichumvi, wakavumilia. Masika yakaingia. Dari ikavuja ukumbini, ikavuja ghalani, mwisho ikamvujia Mwinyi kitandani. Boriti zikaanza kuoza, kuta zikaota kuvu. Akatuma mjumbe kutaka chokaa, akajibiwa, "Kwanza Mboja."

Mboja akafunguliwa mlango. Kumbe yeye kakaa kitako, hainuki. "Atakuja kunichukua mama yangu, na viatu vyake miguuni." Ehee! Basi Mwinyi mzima akasimama uani kwenye tope, akamtazama Bi Mize akivuka, ko, ko, ko, juu ya matumbawe yale yale, akapanda ngazi, akashuka na mwanawe.

"Haya," Mwinyi akasema, "chokaa iko wapi?"

Bi Mize akamtazama toka utosini mpaka vidoleni. "Tanuri lile pale. Kachome."

Na tangu siku hiyo hakuna mkono uliopiga chokaa hapa. Paa likaanguka masika yaliyofuata, Mwinyi akahama na watu wake, na kisima kikawa cha wote. Mpaka leo wakija mabwana na ramani zao kutaka kulijenga upya, tunawakatalia. Kila nyumba ya kisiwa hiki ukifika mlangoni unavua viatu, ndiyo adabu yetu. Hapa tu ndipo hatuvui. Wewe mwalimu, nakuona umevishika vyako mkononi. Vivae, tuingie.