Mama Ngiri na Mbegu ya Shahidi

Paukwa!

Pakawa!

Walioko mlangoni hawajaitika. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko sote. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijengeana nyumba, palikuwa na uwanda mpana wenye udongo mwekundu. Udongo mgumu huo. Ukiupiga kwato, ko, ko, ko. Aliyeuweza alikuwa mmoja tu, Muhanga, mwenye masikio marefu na kucha kama majembe. Muhanga akichimba, fuku, fuku, fuku, shimo limekwisha. Lina mlango, lina kona, lina chumba cha ndani pasipofika mvua wala meno.

Wenye watoto walimwendea.

"Fundi, nichimbie."

"Nitakuchimbia. Utalipa kidogo kidogo."

Malipo yalikuwa matango ya ardhini, yale yanayozaa chini ya udongo, yaliyojaa maji ndani. Muhanga aliyapenda kuliko kitu chochote, ukiacha mchwa. Kila mwezi ulipoandama, mwenye shimo alipeleka kapu moja la matango. Na juu ya kapu aliweka mbegu moja.

Sikilizeni hapo kwenye mbegu. Matango yaliliwa yakaisha. Mbegu haikuliwa. Iliwekwa, ili kesho na keshokutwa iseme kwamba fulani alilipa. Waliiita mbegu ya shahidi. Na kila mmoja alikuwa na mbegu yake, isifanane na ya jirani. Mama Ngiri alitumia mbegu za ukwaju, alizoziokota mbali, ng'ambo ya mto, maana uwandani hapakuwa na mkwaju hata mmoja. Nungunungu alitumia mbegu za boga. Alizitoa wapi, msiniulize. Nungunungu na mashamba ya watu mnajua wenyewe.

Mpokeaji wa malipo alikuwa Bi Kobe. Alipokea kapu, akachukua mbegu, akaitia kwenye kibuyu. Tik. Kila mwenye shimo na kibuyu chake. Mbegu zikifika shingoni mwa kibuyu, deni limekwisha. Shimo ni lako, la wanao na la wajukuu zako.

Kibuyu cha Mama Ngiri kilikuwa karibu kufika shingoni. Karibu sana. Alikuwa ameanza kuwaambia wanawe, "Msikwaruze ukuta, hili litakuwa letu."

Ndipo Bi Kobe akachoka. Macho yalikuwa mazito, miguu ndiyo usiseme. Muhanga akampa kazi Kindi, kwa kuwa Kindi ana mbio. Kindi akaja mkia juu.

Bi Kobe akasema, "Mjukuu wangu, tukae. Tumwage kibuyu kimoja kimoja, tuhesabu wote wawili, ndipo nikukabidhi."

Kindi akacheka. "Bibi, tukihesabu kwa mwendo wako, nitamaliza nikiwa na mvi."

Bi Kobe akaona haya. Akavitoa vibuyu bila kuhesabu. Kosa liliingilia hapo, wasikilizaji wangu, kwenye haya ya Bi Kobe na haraka ya Kindi.

Maana Kindi haweki kitu kwenye kibuyu. Tangu kuumbwa kwake, Kindi akitaka kuweka kitu, hukifukia. Akazimwaga mbegu zote. Akachukua moja, akaiuma kidogo kwa meno mawili ya mbele, ng'wa, kuona kama ni nzima. Hiyo ndiyo desturi yao. Kisha akaenda nayo penye kichuguu. Chimba, tia, funika, pa-pa-pa. Akachukua nyingine, ng'wa, akaenda nayo penye mzizi wa mgunga. Chimba, tia, funika, pa-pa-pa. Ya ukwaju hapa, ya boga pale. Uwanda mzima. Vibuyu akavitupa.

"Utakumbuka?" Bi Kobe akauliza.

"Bibi, mimi ni Kindi."

Mwezi ukaandama. Mama Ngiri akaja na kapu lake kichwani, mbegu juu.

Kindi akasema, "Mama Ngiri, nimezitafuta mbegu zako. Nimeona mbili tatu tu. Una deni kubwa."

"Zilikuwa karibu na shingo."

"Shingo gani?"

"Ya kibuyu."

"Mimi sina kibuyu."

Mama Ngiri akashusha kapu. "Basi pokea hili la mwezi huu, mengine tuyatazame."

"Siwezi. Mwenye deni la nyuma hapokelewi la mbele."

Akarudi na kapu lake, akaliweka mlangoni kwake. Mwezi ukaandama tena. Akaja tena na kapu jingine.

Kindi akatikisa kichwa. "Na la mwezi uliopita hukuleta."

"Nililileta. Ulilirudisha."

"Ndiyo. Kwa hiyo halipo."

Mama Ngiri akaenda kwa Bi Kobe. Bi Kobe akasema, "Mwanangu, kibuyu chako kilikuwa karibu kujaa, nakiri. Lakini kazi si yangu tena. Nenda kwa Kindi." Akaenda kwa Kindi. Kindi akasema, "Mambo ya zamani ni ya Bi Kobe." Kwa Kobe, kwa Kindi. Kwa Kindi, kwa Kobe. Ko, ko, ko, njia nzima, mpaka nyasi za katikati zikalala.

Na wanyama wakacheka. "Ngiri? Si huyu anayemkimbia simba, akifika katikati ya njia anasahau anakimbia nini, anasimama kula majani? Huyo ndiye akumbuke malipo?"

Mama Ngiri akasikia. Akaingia shimoni kinyumenyume, kama ngiri wanavyoingia, mkia kwanza, pembe za mdomoni zikielekea mlangoni. Watoto wakajibanza nyuma yake. Akakaa akijiuliza. Je, nilisahau mwezi mmoja? Labda miwili? Akakumbuka safari moja moja. Ile ya mto uliofurika. Ile aliyokwenda na mimba. Ile ya mwiba kwatoni. La. Alikwenda zote.

Jua lilipozama, Muhanga alipoamka, Mama Ngiri alikuwa mlangoni kwake. Fisi, aliyekuwa akilitamani shimo lile, alikuwa ameshafika.

Muhanga akasema, "Mama, mimi sikuchukii. Lakini naamini kinachoonekana. Mbegu zako hazionekani. Fisi ameleta matango yote kwa mkupuo. Mwezi ujao ukiandama, umpishe."

Fisi akainama kwa adabu. "Usijali, shemeji. Nitalitunza. Na watoto ukiona wanakupa shida ya kuhama, waache humo humo."

Mama Ngiri akageuka akaondoka. Alipokuwa akirudi, akamkuta Nungunungu katikati ya mawe mawili, miiba imelowa umande. Shimo lake lilikuwa limechukuliwa mwezi ule, na yeye alitoka kimya.

"Kaka, wewe hukulipa?"

"Nilidhani nimelipa. Lakini Kindi alisema kwa uhakika. Nikasema labda ni mimi."

"Labda ni wewe nini?"

"Niliyesahau. Yeye hakusitasita, dada. Mimi nilisitasita."

Wakatembea pamoja. Walipofika penye kichuguu, pua yake ikasimama. Pua ya ngiri, mnajua, husoma chini ya udongo. Akanusa. Akaparua kidogo. Mbegu ya ukwaju, kahawia, inang'aa, ina alama mbili ndogo za meno.

Nungunungu akatetemesha miiba, cha-cha-cha. "Ichukue. Mpelekee Fundi sasa hivi."

Mama Ngiri akaitazama. Kisha akarudisha udongo, akaushindilia kwa kwato.

"Una wazimu, dada?"

"Nikiitoa mimi, itakuwa neno la ngiri. Watasema nimeitema mdomoni. Ikae alipoiweka Kindi mwenyewe. Mvua ikinyesha, itatoka kwa miguu yake."

"Na mvua ikichelewa?"

Hilo ndilo lililomkosesha Mama Ngiri usingizi.

Akangoja. Asubuhi alitazama mbingu. Jioni alitazama mbingu. Mwezi ukajaa, ukaanza kupungua. Watoto wakauliza, "Mama, tunahama?" Akawaambia, "Laleni." Halafu wingu moja likaja, likakaa. Tone. Tone. Pwa, pwa, pwa. Mvua ikanyesha, ikanyesha tena, udongo mwekundu ukalainika.

Mwezi ukaandama. Kulipopambazuka, Fisi akaja na Muhanga na Kindi, na nyuma yao majirani, maana watu hupenda kuona mwenzao akihama.

"Hodi," akasema Fisi.

"Karibu sina," akasema Mama Ngiri kutoka ndani. Pembe zake zilionekana mlangoni. "Fundi, nitatoka. Lakini kwanza twende kichuguuni."

"Kufanya nini?"

"Ulisema unaamini kinachoonekana."

Wakaenda. Na uwanda uliokuwa mwekundu ulikuwa na kijani. Mche hapa, mche pale. Penye kichuguu, penye mzizi wa mgunga, kila pahali Kindi alipowahi kufunika, pa-pa-pa. Miche ya ukwaju, kwenye uwanda usio na mkwaju.

Fisi akasema upesi, "Kaipanda mwenyewe. Kazi ya jana hiyo."

"Fundi, inama," akasema Mama Ngiri. "Tazama kichwani mwa mche."

Muhanga akainama. Mche ulikuwa umeinuka na ganda la mbegu yake, limeshikilia juu kama kofia. Na kwenye ganda, alama mbili ndogo, sambamba. Akautazama mche wa pili. Alama mbili. Wa tatu. Alama mbili.

"Kindi," akasema Muhanga, "uma jani hili."

Kindi akatazama kushoto, akatazama kulia. Akauma. Ng'wa. Alama zilikuwa zile zile.

Mkia wa Kindi ukashuka. "Nilizifukia mimi. Siku ile nilikumbuka zote."

"Siku ile," akasema Bi Kobe, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika.

Muhanga akapita mche baada ya mche, akiinama na kuinuka, mpaka mgongo ukamuuma. Aliporudi akasema, "Zimebaki chache kufika shingoni."

"Makapu aliyoyakataa Kindi yako mlangoni kwangu," akasema Mama Ngiri. "Yameoza, lakini mbegu zake ziko juu."

"Basi zimetimia. Shimo ni lako."

Fisi akadai arudishiwe matango yake. Muhanga alikuwa ameshayala. Hilo wakabaki nalo wao wawili.

Wanyama wakatawanyika. Hakuna aliyecheka. Nungunungu tu alibaki, amesimama mbele ya kitu chini ya mgunga. Ilikuwa miche ya boga, mingi, kila mmoja na kofia yake yenye alama mbili. Miiba yake ikalala mmoja mmoja mgongoni.

"Kumbe nililipa," akasema.

Mama Ngiri akamgusa kwa pua, taratibu, pasipo na miiba. "Ulilipa, kaka. Twende kwa Fundi kabla hajalala."

Basi, wakubwa na wadogo, mafunzo ya kisa hiki ni haya. Anayetunza kumbukumbu za wenzake ndiye wa kuulizwa kwanza zinapopotea, si aliyelipa. Na wewe uliyelipa, usikubali kuwa umesahau kwa sababu tu mwingine amesema bila kusitasita.

Hadithi yangu imefika mlangoni, inaishia hapo. Anayelala aingie, na alale kwake.