Mkamburi na Kalamu ya Gavana

Gavana Mwandoe aliingia kwa kishindo katika kibanda cha Mkamburi, fundi cherehani aliyekuwa akikusanya sahihi za kumwondoa madarakani. Nyuma yake walifuata walinzi, wapiga picha na nusu ya soko.

"Karibu, mheshimiwa," Mkamburi akasema, akimfungulia daftari. "Mgeni wa heshima husaini kwanza."

Gavana akachomoa kalamu yake ya dhahabu, akasaini kwa madoido huku akiwapungia watu mkono.

"Haya mama, sema mbele ya kamera. Kosa langu ni lipi?"

"Unasaini kila unacholetewa bila kusoma. Ndiyo maana tumejengewa daraja mahali pasipo na mto."

"Uongo mtupu! Toa ushahidi, la sivyo tutaonana mahakamani!"

"Ushahidi uko mbele yako. Hebu tusomee maneno yaliyo juu ya ukurasa uliosaini."

Gavana akasoma kwa sauti kubwa: "Sisi wapiga kura tuliosaini hapa tunataka Gavana Mwandoe arudishwe nyumbani..."

Soko zima likalipuka kwa vigelegele.

"Ahsante sana, baba," Mkamburi akasema, akilifunga daftari lake. "Ilikuwa imebaki sahihi moja tu."