Ndoo za Uwanja wa Mwakalundi

Aliyeacha ndoo hajaondoka.

Jana mliisikia methali hii benki, mzee mmoja alipomzuia kijana asikalie kiti chenye kofia, mkarudi nyumbani mnacheka na kuniuliza ndoo iliingiaje benki. Haya, kaeni. Wewe Kabula, endelea kuchambua choroko, masikio hayachambui. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kwetu Mwakalundi, mtu asije akawaambia ni ya kwao.

Mwakalundi ya ujana wangu ilikuwa na bomba moja. Maji yalitoka saa nne asubuhi mpaka saa sita, yakikatika yamekatika. Nani angesimama juani tangu alfajiri, naye ana ng'ombe wa kukamua na mtoto wa kunyonyesha? Kwa hiyo mtu aliweka ndoo yake kwenye foleni, akaenda zake. Ndoo ilisimama badala yake. Foleni ikisogea, aliye nyuma aliisogeza na ya mwenzake kwa mguu, taratibu, bila kuichomoa. Kila ndoo ilijulikana. Ya mama yangu ilikuwa na bonde ubavuni, ya Nyanzala, jirani yetu mkali, ilizibwa kwa lami, na yangu ilifungwa kitambaa chekundu kwa sababu nilikuwa bibi harusi na nilitaka watu wajue.

Kuruka ndoo ya mtu lilikuwa kosa ambalo hata mlevi hakulifanya. Babu yenu alilifanya mara moja, siku chache baada ya kunioa, maana kwao kulikuwa na mto. Alifagia pale bombani wiki nzima, watu wakipita na kumwamkia kwa heshima zote. Hakununa hata siku moja. Nadhani ndiyo wiki niliyoanza kumpenda kwelikweli.

Mshika ufunguo wa bomba alikuwa Nyamizi, dada yangu wa tumbo moja. Hakuwa na makuu. Mumewe alikuwa amefariki akamwachia watoto watatu, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukitaka kumsikia lazima unyamaze. Labda ndiyo sababu watu walinyamaza akizungumza.

Siku hizo nchi ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyejiita Mlezi wa Taifa. Picha yake ilikuwa kila duka. Aliyesema neno lisilompendeza Mlezi alichukuliwa, na jamaa zake wakabaki kuulizana kwa macho. Uchaguzi ulikuwepo, lakini hapakuwa na sanduku wala karatasi. Mlipanga mstari nyuma ya mtu mnayemtaka, mkahesabiwa mchana kweupe, na kila mtu akaona umesimama wapi. Walipanga hivyo makusudi, watu waogope. Diwani wetu, Bwana Lugembe, alikuwa mtu wa Mlezi, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyethubutu kushindana naye. Bomba la pili lililoletwa kwa ajili yetu liliishia kwenye bustani yake ya vitunguu.

Mwaka huo Nyamizi aliandikisha jina. Nilimwendea nikilia.

"Dada, kule mjini waliogombea wakashindwa hawakumaliza wiki majumbani mwao. Una watoto watatu!"

"Ndiyo," akasema. "Na wote watatu wanakunywa maji."

Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga. Nyumbani nilipiga hesabu yangu ya hofu. Akishindwa, watamchukua kwa kosa la kuvuruga amani. Akishinda, huenda wakaona haya kumfunga diwani. Basi lazima ashinde. Mapenzi yangu yote kwa dada yangu yaliishia kwenye hesabu hiyo.

Jumamosi ya kura tulikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Nyuma ya Lugembe walisimama watu wasiofika hamsini, wengi wao vibarua wake. Mstari wa Nyamizi ulipita goli, ukazunguka mashine ya kusaga, ukarudi tena uwanjani. Msimamizi, Bwana Mwasumbi, alikuwa mgeni kutoka mjini. Alitembea na kalamu yake akitunyooshea mmoja mmoja, kisha akapanda juu ya meza na kushika kipaza sauti.

"Lugembe, mia saba na kumi na mbili. Nyamizi, thelathini na nane. Tawanyikeni kwa amani."

Mnajua tulifanya nini? Tulicheka. Tulidhani amekosea kusoma. Alipotutazama bila kucheka, ndipo tulipoelewa.

Hapo akajitokeza mzee Mihambo, karani mstaafu, mtu aliyesoma kila kitu, hata karatasi za kufungia sukari. Alikuwa amesoma tangazo la uchaguzi lililobandikwa kwenye mlango wa mashine.

"Bwana msimamizi, tangazo lenu, kifungu cha sita: hesabu inaweza kurudiwa, mradi wapiga kura hawajaondoka kwenye mstari. Sisi tupo. Rudia."

Mwasumbi akatutazama kwa muda, akaona watoto migongoni, akaona jua. Hakuwa mjinga.

"Nitarudia," akasema. "Nikishamaliza kula."

Akaenda kula kwa Lugembe, na kula kwenyewe kukafika saa kumi jioni. Watoto walilia. Ng'ombe walilia zizini, maziwa yamewajaa. Mstari wa Lugembe ulikuwa umekwisha kutawanyika zamani. Wao matokeo yao walikwisha kupewa. Kwetu mmoja alianza kuondoka huku akitazama chini, kisha wawili. Nyamizi akageuka nyuma, akasema kwa ile sauti yake, "Nendeni, jamani. Msiwatese watoto kwa ajili yangu." Nilitamani kumziba mdomo.

Nyanzala ndiye aliyetuokoa, na alituokoa kwa ukali wake uleule uliotuchosha kila siku. Alitoka mstarini bila kumuaga mtu, tukasema hata huyu? Akarudi na ile ndoo yake ya lami, akaiweka pale alipokuwa amesimama, akaipigapiga kidogo ikae sawa.

"Mimi naenda kukamua," akasema. "Atakayeiruka atanitambua."

Basi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kufikia jua kuzama uwanja ulikuwa mtupu wa watu na umejaa ndoo, madumu, masufuria, hata beseni moja la kuogeshea mtoto, vyote kwenye mstari uliozunguka goli na mashine.

Jumapili asubuhi Mwasumbi alikuja na Lugembe na askari sita. Sisi tulikuwa kwenye vibaraza vyetu kuuzunguka uwanja. Mwasumbi alifurahi sana.

"Mnaona? Wameondoka. Koplo, toa takataka hizi nitie sahihi."

Koplo huyo alikuwa Ng'washi, mtoto wa Nyanzala, aliyekulia kwenye foleni ile akiwa bado anatambaa. Alikwenda mpaka kwenye ndoo ya lami, akainama, akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. Kisha akasimama wima.

"Siwezi kuitoa, mzee. Mwenyewe yupo."

"Yupo wapi? Mimi naona ndoo!"

"Ndiyo, mzee. Ndoo yake ipo."

"Koplo, una wazimu? Hiyo ni plastiki!"

"Ni ya mama," akasema Ng'washi. "Lakini hata isingekuwa ya mama."

Mwasumbi akawageukia wale askari wengine watano. Kila mmoja aliona kitu cha kutazama upande wa pili. Basi akaipiga teke yeye mwenyewe. Ndoo ikabingirika mpaka katikati ya uwanja. Ng'washi akaifuata, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake la serikali, akairudisha mahali pake. Nililia pale pale kibarazani, wala sikujificha.

Nyanzala akashuka kibarazani kwake, kanga begani, akasimama nyuma ya ndoo yake.

"Baba," alimwambia Mwasumbi, kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia kwake, "wewe ni mgeni, hukosi kusamehewa. Kwetu sisi, aliyeacha ndoo hajaondoka."

Tukashuka sote. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyesukuma mwenzake, hakuna aliyetafuta nafasi yake, maana kila mtu aliijua. Kabla chai haijapoa, mstari ulikuwa umesimama kama ulivyokuwa jana. Mzee Mihambo akasoma tena kifungu cha sita, polepole, kana kwamba anamsomea mtoto. Mwasumbi akahesabu. Safari hii tulihesabu naye kwa sauti, na kila aliyeguswa na kalamu alitaja namba yake: mia sita arobaini na tatu. Nyuma ya Bwana Lugembe hapakuwa na mtu wala ndoo. Watu wake hawakuwahi kupanga foleni ya maji. Wao maji yaliwafuata nyumbani.

Mwasumbi alitia sahihi huku akitazama barabara ya mjini. Alikuwa akimwogopa mtu asiyekuwepo pale uwanjani, nami nilimhurumia kidogo, kidogo tu. Tulimbeba Nyamizi begani mpaka kwake. Hesabu yangu ya hofu ilikuwa imetoka vizuri, nikalala usingizi wa mtoto.

Jumanne walimchukua.

Ndiyo, walimchukua. Mnashangaa nini? Mlezi hakuwa na haya. Ng'washi naye walimhamishia kituo cha mbali ambako hakuna hata mtu wa kuzungumza naye. Niliingia nyumbani kwa dada yangu, nikaona ndoo yake mlangoni, nikaikalia nikilia, nikisema tulisimama bure, tulihesabiwa bure. Nyanzala akaja, akaninyanyua bila hata kunipa pole, akaichukua ile ndoo. Akaenda nayo bombani, akaiweka kwenye foleni.

Kuanzia siku hiyo ndoo ya Nyamizi haikukosa foleni. Aliye nyuma yake aliisogeza kwa mguu, ikifika bombani ikajazwa, na yeyote aliyekuwepo aliipeleka kwa watoto wake. Sikuwahi kupanga zamu, wala hakuna aliyepanga. Kiti cha diwani nacho kilibaki kitupu. Waliitisha uchaguzi mwingine mara mbili, na mara mbili hakuna aliyekwenda kusimama nyuma ya mtu. Hata Lugembe alikuja siku moja na ndoo mpya kabisa, ina karatasi ya dukani bado, akauliza foleni inaishia wapi. Tulimwonyesha.

Huku nyuma redio ilikuwa ikituletea habari za watu wa nchi za mbali ambao hatukujua hata wanakula nini. Wengine walikuwa wamekaa kwenye viwanja vyao wakiimba, wengine kimya, wanafukuzwa wanarudi. Tulisikiliza tukitikisa vichwa kama mtu anayesikia habari za ndugu zake. Kisha miji yetu yenyewe ikaanza, mmoja baada ya mwingine, mpaka Mlezi akapanda ndege asubuhi moja na hakushuka tena hapa nchini.

Miaka miwili na miezi minne ilikuwa imepita tangu wamchukue. Nyamizi alishuka kwenye basi saa nne unusu, amekonda, nywele nusu nyeupe, bila mzigo. Hakupita nyumbani. Alifika bombani, akatembea pembeni ya foleni akitazama chini, ndoo moja baada ya nyingine, mpaka ya tano. Ilikuwa yake. Akasimama nyuma yake, akaufunika uso kwa viganja.

Mimi nilitaka kumrukia shingoni, nikabaki nimeshika ndoo yangu. Nyanzala ndiye aliyekuwa nyuma yake. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, lakini ukali wake haukumwacha.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Foleni inakwenda."

Dada yangu akasogea. Ndiyo maana watu husema, wanangu, na msiicheke tena: aliyeacha ndoo hajaondoka.