Upepo Ulioondoka na Bati za Ambakisye

Kabla hujamuuliza Mungu kwa nini wiki hii imekwenda ovyo, soma habari za Ambakisye.

Alikuwa mkulima wa chai na migomba kwenye milima ya Rungwe, mzee wa kanisa, mtu wa watu. Lakini yeye na kaka yake Lwitiko hawakuwa wakisalimiana. Waligombea mpaka wa shamba aliloacha baba yao, wakatoleana maneno mazito msibani, mbele ya watu, na tangu hapo kila mmoja akashika njia yake. Lwitiko hata kanisa alihama, akawa anasali kijiji cha pili.

Alasiri moja upepo mkali ulishuka mlimani pamoja na mvua ya mawe. Ambakisye alikuwa ndani na mkewe Sekela na watoto. Walisikia mlio kama wa nguo inayochanwa, wakainua macho, wakaona mawingu. Bati zote zilikuwa zimekwenda.

"Mungu gani huyu?" Ambakisye alifoka, akiwa ameloa chapachapa. "Jumapili nzima nimeshinda kanisani kwake!"

Sekela alikuwa akimfunika mtoto mchanga kwa turubai.

Kwa jirani wa juu ukuta ulikuwa umeanguka. Kanisani maji yalikuwa yamejaa. Karibu na hapo ilibaki nyumba moja tu, ile ya bondeni.

"Baba Tusa, twende kwa kaka yako," Sekela alisema.

"Heri nilale kwenye migomba."

"Basi wewe lala. Mimi na watoto tunakwenda."

Akawafuata nyuma, kichwa chini, akipanga maneno ya kusema akifukuzwa.

Wakabisha hodi. Kimya. Wakabisha tena, wakasikia sauti dhaifu, kama ya mtu aliye mbali. Ambakisye akausukuma mlango kwa bega.

Lwitiko alikuwa sakafuni, midomo imekauka, mguu mmoja umevimba na kupinda vibaya. Tangu mkewe afariki aliishi peke yake. Juzi yake aliteleza akikata ndizi, akajiburuta hadi ndani, na hapo nguvu zikamwishia. Aliita mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyepita.

Ambakisye akapiga magoti, akamwinua kichwa, akamnywesha maji kidogo kidogo. Akamwambia upepo umeng'oa bati zote za nyumba yake.

Lwitiko alimtazama. "Mdogo wangu," akasema, "nilimwomba Mungu aniletee mtu. Sikujua kama itabidi ang'oe bati zako."

Ambakisye alitaka kucheka, akajikuta analia. "Angenituma kwa upole, kaka, nisingekuja."

Mvua ilipokatika, wanaume wa kijiji walimbeba Lwitiko kwa machela hadi hospitali. Daktari alisema angecheleweshwa kidogo tu, wangemzika. Mguu uliunga, ingawa anachechemea mpaka leo. Ambakisye na familia yake walikaa bondeni msimu wote wa mvua.

Suala la mpaka wa shamba bado halijaisha. Lakini sasa wanabishana wakiwa wamekaa pamoja, wakila sahani moja.

Funzo: Mambo yakikuharibikia ghafla, usiharakishe kusema Mungu amekuacha. Wewe unaona paa lililoondoka; yeye anamwona pia ndugu yako aliyelala sakafuni akimwita.